Usukani Uliotikisa Kichwa

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa la nyaya mbili. Nilifungua usukani wa gemu, ule wa kuendeshea magari ya kwenye skrini, katika kibanda kimoja pale Homa Bay ili niupanguse vumbi, nikachomoa waya mwekundu na mweusi kwenye mota, na wakati wa kurudisha nikaweka mwekundu mahali pa mweusi. Usukani mzima hutafuta katikati ukiuachilia kwenye barabara iliyonyooka. Huu wangu uliikimbia katikati kama unadaiwa huko. Ukiugusa kidogo kuelekea kushoto, unajitupa wenyewe kushoto hadi unagonga mwisho. Mteja wa kwanza kuukalia alikuwa mwendesha bodaboda mwenye haraka zake, na mkono wa usukani ulimpiga kidole gumba hadi akatoka nje akikipuliza. Nilisema ni umeme. Katika kazi hii umeme husingiziwa mambo mengi, na mengine ni kweli.

Nimestaafu. Najua mnacheka, kwa sababu sijafika miaka thelathini na fundi wa redio aliye mlango wa pili ana mvi na bado anachomelea waya. Lakini nyinyi wawili mliorithi meza yangu pale Migori mnanipigia simu kuniuliza leo jambo nililowaeleza jana, na mimi sasa natengeneza pampu za maji, mikono yangu iko ndani ya tope, simu inalia mfukoni. Basi naandika. Mkinipigia tena kuuliza kwa nini usukani unatikisika, nitawaambia mrudi kwenye karatasi hizi.

Tuanze na kitu ambacho hakuna mteja aliyewahi kukielewa, wala mwenye kibanda, na mimi mwenyewe nilichelewa. Ndani ya usukani wa gemu kuna mota. Gemu inaiambia mota isukume mikono yako jinsi barabara ingeisukuma: ukikata kona, usukani unakuwa mzito, ukipita kwenye shimo, unagutuka, tairi likianza kuteleza, unalegea ghafla. Hiyo ndiyo raha yote. Mota ikisema uongo, mwenye kuendesha anaamini uongo, kwa sababu mikono haina macho. Mtu akiona picha mbaya kwenye skrini atalaumu skrini. Akihisi kitu kibaya mikononi, atajilaumu mwenyewe. Hilo nililifahamu kwa gharama ya mtu mwingine, na nitafika huko.

Nilijifunza peke yangu. Hakuna chuo cha kazi hii, na ningepata cha kwenda ningeogopa mtihani. Nilitazama video za watu wanaokaa kwenye vyumba visafi vyenye mazulia, wakishika bisibisi za sumaku, wakieleza polepole jinsi ya kutoa skrubu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na vidudu vya ziwa. Mama Apiyo, aliyeniajiri Homa Bay, alikuwa na kibanda karibu na gati, na vile vidudu vikija vinakuja kama moshi. Vinapenda mwanga na vinapenda joto, na usukani una vyote viwili. Feni ya kupoza mota inavivuta ndani kama uji.

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilikuwa hiyo. Usukani ulipoteza katikati yake. Unaanza gari likiwa limenyooka, ukizunguka kona chache gari linaelekea kulia na mikono yako imenyooka kabisa. Nilibadilisha kila kitu ndani ya kompyuta. Nilifuta programu na kuiweka upya, nikashusha nguvu, nikapandisha nguvu, nikabadilisha waya, nikabadilisha tundu la waya, nikazima na kuwasha kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na watu. Mwishowe nikaufungua. Ndani kuna kisahani cha plastiki chenye mistari myembamba sana, na taa ndogo inayosoma mistari hiyo ili usukani ujue umezunguka kiasi gani. Kidudu kimoja kilikuwa kimegandama kwenye kisahani, mabawa yametandazwa vizuri, na kila kilipopita mbele ya taa usukani ulisahau uliko. Nilikitoa kwa ncha ya kibiriti. Nilikasirika sana, na sikuwa na mtu wa kumkasirikia.

Mama Apiyo ni Msabato. Ijumaa jua likizama, kibanda kinafungwa, na hakuna hoja itakayokifungua mpaka Jumapili. Kwa mtu wa kawaida hilo ni pumziko. Kwangu ilikuwa adhabu, kwa sababu usukani nilioufungua Ijumaa mchana bila kumaliza ulikaa pale umepasuliwa kama mgonjwa, na mimi nimeketi kanisani nikiona skrubu. Sabato moja aliniinamia katikati ya maombi.

"Nyathina," alininong'oneza, akiniita mwanangu kwa Kijaluo, "unaomba ama unahesabu?"

Nilimwambia nahesabu. Akasema basi nihesabu nikiwa nimefumba macho, watu wananiangalia.

Alinifunza jambo moja kubwa, ingawa hakujua mota ni nini: kila skrubu iwekwe kwenye kifuniko cha soda, kila kifuniko mahali pake, kwa mpangilio wa kufungua. Alikuwa akiwafunza hivyo kuhusu vifungo wasichana aliowaajiri kushona nguo. Sijawahi kupoteza skrubu tangu hapo. Nimerudi, hata hivyo, kwenye vibanda vya watu nikijifanya natafuta chaja, kumbe nataka tu kugusa skrubu niliyoikaza asubuhi. Hayo nayaandika ili mjue mlirithi meza ya mtu wa namna gani.

Kisha nikahamia Migori kwa Bwana Salim, mtu wa Pwani anayeuza televisheni, spika na mapazia, ambaye alikuwa ameweka sukani mbili kwenye chumba cha nyuma. Kiswahili changu kilimchosha siku ya kwanza. Nilimwambia "hii stelingi imeharibika," akaniambia usukani wake haujaharibika ila masikio yake ndiyo yameanza. Alikuwa hasomi maelekezo yoyote yaliyoandikwa kwenye boksi, na alikuwa na imani kwamba kifaa kikikataa kufanya kazi kinahitaji kuachwa kipumzike. Wakati mwingine kilipumzika na kikafanya kazi, jambo lililoniudhi kuliko kama kingekufa.

Wateja wetu wengi walikuwa wachimba dhahabu wa Osiri. Wakitoka huko na pesa, walitaka usukani unaopigana. Hapa naomba mnisikilize, kwa sababu nimelieleza jambo hili hadi sauti ikakauka. Ukiweka nguvu ya usukani hadi mwisho, hupati barabara zaidi. Unapata pungufu. Mota ikishafika mwisho wa nguvu zake haina pa kuongeza, kwa hiyo kijiwe na ukuta vinahisika sawasawa. Unaendesha gari lenye kelele moja tu. Niliandika kwenye ukuta: USIGUSE NGUVU. Waliigusa. Nikafunika sehemu hiyo ya menyu kwa karatasi niliyobandika kwenye skrini. Wakachungulia chini ya karatasi. Kijana mmoja aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba hajatoka shimoni kuja kubembelezwa na stelingi.

Walivyokuwa wakiuvuta, vile vishikio vya plastiki vinavyoubana usukani kwenye meza vilivunjika. Vipya hapa havipatikani. Nikafanya ambacho kila mtu Migori angefanya: nikachukua blada. Mnajua blada, mpira wa ndani wa tairi uliokatwa vipande virefu, ule unaofunga magunia, magodoro na mbuzi nyuma ya pikipiki. Nilikata zangu kwa upana ulio sawa, nikazipitisha chini ya meza, nikazivuta hadi zikalia, nikafunga fundo ambalo nilikuwa nimelifanyia mazoezi. Ilipendeza. Usukani haukutoka hata wachimbaji wawili wakiunyang'anyana. Wenye vibanda vingine walikuja kuangalia, na nikawafungia wa kwao, bila kulipwa, kwa ajili ya sifa. Mji mzima ulikuwa na mafundo yangu.

Hapo ndipo Mzee Marwa alipokuja.

Alikuwa dereva wa lori kutoka Isebania, Mkuria, mtu mrefu aliyevaa koti hata jua likiwa kali. Alisimama mlangoni mpaka wachimbaji wakaisha, kisha akanieleza habari yake kama anavyoeleza mtu aliyeifanyia mazoezi njiani. Alikuwa akibadilisha tairi, jeki ikateleza, mpini ukampiga mkono wa kulia, nao mkono ukavunjika mahali pawili. Sasa mkono una chuma ndani. Daktari alishamruhusu kuendesha, lakini tajiri wake, mwenye lori, alitaka kuona kwa macho. Wiki iliyofuata wangeenda wote wawili hadi Kisii na kurudi, tajiri ameketi kando. Akiridhika, Mzee Marwa anarudishiwa lori lake. Asiporidhika, lori linapewa kijana aliyekuwa akilishikilia. Hakuna aliyekubali kumwazima gari la kujaribia. Binti yake ndiye aliyemwambia Migori kuna kiti cha kuendeshea.

"Sitaki kushindana na mtu," alisema. "Nataka kujua kama mkono bado unashika."

Nilimwekea gemu ya malori, barabara ndefu iliyonyooka, nikaweka usukani uzunguke mara nyingi kama wa lori. Nilifurahi. Kwa mara ya kwanza mtu alihitaji kazi yangu kwa jambo la maana, na niliona nikilikosea nitakufa.

Aliushika kwa ncha za vidole. Vijana wetu hukamata usukani kama unataka kutoroka, yeye aliuweka mikononi tu, kama mtu anayepokea yai. Lori likaenda. Kwenye ule mnyooko usukani ukaanza kucheza, kulia kushoto, kulia kushoto, kidogo kwanza halafu zaidi, kama mtu anayetikisa kichwa kukataa. Akaondoa mkono wa kulia akautazama.

"Unatetemeka," alisema.

Nikamwomba nijaribu. Nikaketi, nikaushika barabara, nikaendesha kipande kirefu. Ulitulia kabisa. Nikafanya tena, ukatulia. Nikamwambia, "Usukani uko sawa, Mzee."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyepewa majibu ya hospitali.

Hakukata tamaa siku hiyo. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, kila mara akitoka Isebania asubuhi na kukaa kwenye kile kiti mpaka wachimbaji wafike. Na mimi, nawaapia, sikuketi bure. Nilishusha nguvu. Niliongeza uzito wa kuzuia, ile sehemu ya menyu inayofanya usukani uwe kama umo ndani ya asali. Nilibadilisha adapta nikidhani umeme unayumba, na ulikuwa unayumba, lakini hiyo haikuwa sababu. Niliufungua, nikapaka grisi kwenye meno ya gia, nikaangalia kisahani, hakikuwa na ufa wala mdudu. Kila nilipomaliza niliketi, nikaushika barabara, nikaendesha, nikaona umetulia. Kila alipoketi yeye, ulitikisa kichwa. Wachimbaji niliowauliza walisema uko poa, tena unapigana vizuri.

Mzee akaanza kuuficha ule mkono kwenye mfuko wa koti akiongea nami.

Siku ya mwisho kabla ya safari yake ya Kisii, Bwana Salim alimletea chai ya rangi kwenye kikombe kidogo cha Kipwani, imejaa hadi ukingoni, kwa sababu Bwana Salim huona aibu kumpa mgeni kikombe chenye nafasi. Mzee Marwa alikunywa, akaweka kikombe chini, akaniangalia.

"Usinihurumie, kijana. Mashine iko sawa ama haiko sawa?"

Nilikuwa nimeipima mara zaidi ya ninavyoweza kukumbuka. Nilimwambia iko sawa.

Alinishukuru. Alisema ni heri kujua hapa kwenye kiti kuliko kujulia pale mteremko wa Kisii na mtu mwingine kando yake. Alisema atampigia tajiri asijisumbue na safari, kijana apewe lori. Akatoka, na kwa mtu mrefu vile alipita mlangoni bila kuinama, nikasikia kichwa kikigonga mbao.

Nilikusanya vikombe. Hiyo ndiyo tabia yangu nikiwa na wasiwasi, naosha vitu. Kikombe chake kilikuwa kikavu chini, na sahani yake ilikuwa kavu. Nilisimama na ile sahani. Alikuwa amekiinua kwa mkono wa kulia, kimejaa vile, na hakikumwagika hata tone. Nilimwonyesha Bwana Salim.

"Mkono unaotetemeka haukiinui kikombe changu," alisema. "Hata mimi chanishinda."

Tukaenda chumba cha nyuma. Niliketi, nikaushika usukani, nikaanza kuendesha ili nimwonyeshe kwamba umetulia. Alinitazama kidogo tu akachoka.

"Wewe waushika kama mkia wa ng'ombe wa wizi. Hebu uache."

"Nikiuacha gari litaanguka."

"Gari la nani? Uache."

Niliuacha. Ukaanza kutikisa kichwa, polepole, halafu kwa nguvu, peke yake, bila mkono wa mtu yeyote. Na chini yake, kitu ambacho sikuwahi kukitazama kwa sababu nilikuwa nakipenda, mwili mzima wa usukani ulikuwa unacheza juu ya meza, unavuta blada zangu huku, unarudishwa kule. Nikaukandamiza mwili wa usukani kwa kiganja: ukatulia. Nikaondoa kiganja: ukaanza. Nikakandamiza. Ukatulia.

Nawaeleza, ili msije mkaniuliza kwa simu. Mota inasukuma upande mmoja. Mwili ukiwa umefungwa kwenye kitu kigumu, nguvu yote inaenda kwenye mikono. Ukiwa umefungwa kwa mpira, mwili nao unasogea, mpira unaurudisha, usukani unadhani barabara ndiyo imesukuma, unajibu, mpira unarudisha tena. Unaanza ubishi usioisha kati ya mota na blada. Mtu anayekamata kwa nguvu anauzima ubishi huo kwa misuli yake bila kujua, na mimi nilikuwa nakamata kwa nguvu. Anayeshika kwa vidole anaachwa katikati ya ugomvi, na akiwa na chuma mkononi anaamini ugomvi ni wake. Kwenye video zote nilizotazama hakuna aliyetaja jambo hili, kwa sababu hakuna aliyefunga usukani wake kwa kitu cha kufungia mbuzi.

Nilikata blada kwa kisu. Nilichukua vyuma viwili kwa fundi wa milango, tukatoboa meza ya Bwana Salim huku yeye akilalamika kwamba meza hiyo ni mninga, na nikaukaza usukani kwa boliti. Nikaufungulia barabara ndefu nikauacha. Ulikaa kimya. Nikampigia Mzee Marwa, simu imezimwa. Nikapiga tena nikiwa njiani kwenda Isebania, imezimwa.

Nilimkuta pale malori yanapopanga foleni ya kuvuka mpaka kwenda Sirare. Alikuwa amesimama kando ya lori lake, mlango umefunguliwa, akimweleza yule kijana tabia zake: gia ya pili inakataa ikiwa baridi, usilazimishe, breki zinaanza chini kidogo, kioo cha kushoto kinadanganya, gari lililo karibu kinakuonyesha liko mbali. Kijana alikuwa akisikiliza vizuri. Blanketi na sufuria ya Mzee vilikuwa tayari chini, vimefungwa pamoja.

Nilisema yote kwa pumzi moja na sidhani yalieleweka. Nilitaja mpira, mota, kikombe. Mzee Marwa aliningoja nimalize.

"Ulisema iko sawa," alisema.

"Nilisema, Mzee."

"Mara ngapi?"

"Kila mara uliponiuliza."

"Na mimi nikaamini, nikampigia tajiri." Hakupaza sauti. Madereva wawili waliokuwa wakila mahindi chini ya lori la pili waliacha kutafuna. "Sasa leo umekuja kuniambia mkono wangu ni mzima?"

Hapo ndipo nilipotamani kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na ingemfurahisha. Lakini nilikuwa nimeshasema jambo nisilolijua kwa uhakika mara nyingi mno. Nilimwambia sijui kama mkono ni mzima. Ninachojua ni kwamba nilikuwa nimempimia kwa mizani mbovu, na sasa mizani nimeitengeneza. Akija, usukani utamwambia lolote lililo kweli, hata kama ni baya.

Aligeuka akalitazama lori. Ni yule kijana aliyesema, akiwa bado amesimama kwenye ngazi ya lori, "Mzee, nenda ukajaribu. Mimi funguo sijapewa bado."

Hilo neno ningelikuwa mimi nisingelisema. Lori lilikuwa karibu kuwa lake.

Tulirudi Migori. Wachimbaji walikuwa wamejaa chumba cha nyuma, na Bwana Salim akawatoa wote kwa kuwaambia kuna ukaguzi wa umeme. Mzee Marwa hakuketi. Alitaka kwanza niuache mbele yake. Nikauwasha, lori likaingia barabarani, nikainua mikono yote miwili juu kama mtu aliyekamatwa. Usukani ukabaki kimya. Akainama akatazama boliti chini ya meza, akazigusa moja moja. Nilimpenda kwa hilo.

Ndipo akaketi, akavua koti. Mkono wake ulikuwa na kovu refu kutoka kiwiko, sikuwa nimeliona kabla. Akashika kwa vidole vyake kama siku zote. Lori likaenda. Mwanzoni usukani ulitetemeka kidogo, mtetemo mdogo wa haraka, tofauti kabisa na kile kichwa cha kukataa. Yeye aliendelea kutazama mbele. Alipita mji, akapita daraja, na kufikia ule mnyooko mtetemo ulikuwa umekwisha. Akaondoa mkono wa kushoto, akauacha ule wa kulia peke yake, na lori likashika mstari.

"Ule wa kwanza ni wangu," alisema. "Ni uoga. Naujua, nilikuwa nao hata nilipopata leseni." Akaendesha kidogo tena. "Ule mwingine ulikuwa wako."

Nikasema ndiyo, ulikuwa wangu.

Kisha akasimama, akachukua koti lake, akatoka kwenda kumtafuta tajiri wake. Gemu alikuwa hajaizima. Lori liliendelea peke yake kwa heshima sana mpaka barabara ikapinda, likaingia mtaroni.

Tajiri alinung'unika kwamba anafanywa mtoto, leo hivi kesho vile, lakini safari waliifanya. Mzee Marwa alinisimulia baadaye, kwa maneno machache: walienda hadi Kisii, kwenda tajiri alikuwa ameshikilia mlango, na kurudi alilala usingizi mdomo wazi kutoka Rongo mpaka Migori. Lori lilibaki lake. Yule kijana alingoja miezi kabla ya kupata jingine, na sijui kama kuna mtu aliyemshukuru ipasavyo. Mimi nilijaribu, akasema nisimkumbushe.

Baada ya hapo nilizunguka kila kibanda nilichokuwa nimekifungia blada, nikaziondoa mwenyewe. Wenye vibanda walinitukana. Walisema nilizifunga vizuri mno, sasa nataka kutoboa meza zao kwa sababu gani. Mmoja alinifukuza, nikarudi siku aliyokuwa hayupo. Wachimbaji walilalamika kwamba stelingi zimepoa, hazipigani tena. Wengine walihamia kwenye gemu za soka, na kwa kweli sikuwalilia.

Sasa hakuna usukani Migori uliofungwa kwa mpira, isipokuwa kama mmeufunga nyinyi. Meza zote zina boliti. Mtu akilalamika kuhusu mikono yake, usukani unaachiliwa kwanza mbele yake, na yeye mwenyewe anatazama. Na mimi nimeacha kusema kifaa kiko sawa. Hata kwenye pampu namwambia mwenye pampu nimeangalia nini na nini sijaangalia, kisha namwacha aamue.